Kamusi ya mtandaoni ya Merriam-Webster: nilivyoipima kwa neno "comfortable"

Merriam-Webster ni kampuni ya Marekani iliyorithi kazi ya Noah Webster, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828. Kamusi yake ya bure ya mtandaoni nimeipima kwa neno moja linalowasumbua wasemaji wengi wa Kiswahili, comfortable, na nimeridhika nayo sana kwa upande wa asili ya maneno, ingawa ugawaji wake wa silabi humpotosha asiyejua kuusoma.

Kidahizo, yaani neno linaloelezwa katika kamusi, kimeandikwa com·fort·able, na mwanafunzi yeyote atadhani kwamba nukta hizo zinatenganisha silabi. Sivyo. Zinaonyesha mahali neno linapoweza kukatwa mwishoni mwa mstari, ndiyo maana able imeachwa nzima ilhali ina silabi mbili. Silabi zenyewe zimo katika mstari wa matamshi, zikitenganishwa kwa vistari, na hapo kamusi imefanya kazi ya kupongezwa: imeonyesha kwamba neno hili hutamkwa kwa silabi tatu, karibu na kamf-ta-bol, au kwa silabi nne, na sauti zinazoweza kumezwa imezitia katika mabano. Kialama cha wima kilichoinuliwa hutangulia silabi yenye mkazo, ambayo hapa ni ya kwanza. Sisi ambao lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho tunakihitaji mno kialama hicho, kwani ndicho kinachomzuia mtu kusema komfotebo huku akiikaza te.

Sehemu ya asili inalifuatilia neno kupitia Kifaransa kilichotumika Uingereza katika Zama za Kati hadi kitenzi cha Kilatini confortare, yaani kutia nguvu sana, chenye mzizi fortis, "-enye nguvu". Mzizi huo ungali mzima katika tahajia, ingawa ulimi umekwisha kuupunguza.

Sauti iliyorekodiwa ni ya Kimarekani. Mwanafunzi wa Kenya au Tanzania aliyezoeshwa matamshi ya Uingereza asikilize pia kamusi ya mtandaoni ya Cambridge, inayotoa yote mawili lakini haielezi asili. Matangazo nayo ni mengi, hasa kwenye simu. Hata hivyo ningemshauri mwalimu wa sekondari aitumie darasani, mradi aanze kwa kuwafundisha wanafunzi kuusoma mstari wa matamshi kabla hawajaziamini zile nukta.