Seti ya Triga Nyepesi kwa Bastola ya Kubeba Kila Siku: Kidole Kinafurahi, Praima Inagoma

Sikilizeni hii. Ngoja nisogeze maiki. Tk. Mmeipata? Hiyo ni triga mpya ikivutwa. Sasa ile ya kiwandani: krrr, krrr, tk. Karibuni kwenye chaneli, na kabla kidole changu hakijarudi pale tazameni wenyewe: magazini, kile kisanduku cha risasi, iko nje, slaidi, hiki kipande cha juu kinachoteleza, iko nyuma, chemba ya risasi tupu, nimeipapasa na kwa kidole. Humu chumbani hakuna risasi hata moja. Zile nilizotaka kuwaonyesha nimezipiga picha tu, mtaziona hapo kwenye skrini.

Bastola ni Glock 17. Vipimo sivisomi, jamani. Jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982, dunia nzima imeshaichambua, anayetaka uzito na urefu wake arudi video za nyuma. Leo tuna kipakiti hiki: triga bapa ya aluminiamu, kile kibati cha ndani kinachoitwa konekta, na springi tatu. Kampuni siitaji, maana seti za namna hii ziko tele na nyingi hucheza mchezo uleule. Boksi limeandikwa kwamba ni kwa bastola ya kubeba kila siku. Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya niwashe kamera.

Nianze na utamu wake. Sogezeni macho kwenye kidole. Mwendo huu wa mwanzo ni mtupu, hakuna kinachopinga. Hapa, basi, nimefika ukutani. Ile ya kiwandani ukifika ukutani unahisi ukuta unabonyea, unasukuma na yenyewe inajivuta, hujui itaachia saa ngapi. Hii haibonyei. Naongeza nguvu kidogo, kidogo tena, tk. Sijaachia kidole, nimekishikilia nyuma. Navuta slaidi kwa mkono mwingine, inarudi mbele. Sasa namwachia triga taratibu, taratibu, tik! Hapo imejipanga upya, na kidole bado hakijatoka mbali. Rudia. Tk. Tik. Tk. Tik. Ningeweza kukaa hapa mpaka betri ya kamera iishe, na nyie mngehama chaneli.

Kwenye kipimo cha kuvutia triga, ya kiwandani inakaa kwenye kilo mbili na nusu, kama wanavyosema wenyewe. Hii imeshuka hadi kilo moja nukta sita. Kwa kidole hiyo ni tofauti kubwa. Shabaha zangu za mbali zilikusanyika vizuri, sibishi.

Sasa picha. Risasi mbili, kitako juu. Ya kushoto ina shimo la kina katikati ya praima, kile kifuniko kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti kikipigwa: imepigwa, imelipuka. Ya kulia ina kijidoa. Tazama, nimeikuza. Kijidoa! Pini ya kufyatulia imegusa praima na kuisalimia tu. Triga imevutwa, tk tamu kabisa, na bastola imekaa kimya. Haikutokea kwa risasi zote. Zile zenye praima laini zilipita bila tabu, na nikaanza kuipenda seti nzima. Nilipoweka zenye praima ngumu, za aina ile ya kijeshi, mgomo ukaanza.

Na sababu haina uchawi. Kwenye Glock, kidole chako ndicho kinachomalizia kuikunja springi ya pini ya kufyatulia. Slaidi inaikunja sehemu, wewe unamalizia. Kwa hiyo ukitaka kidole kipumzike, njia ya mkato ni kuweka springi legevu zaidi. Lakini springi hiyohiyo ndiyo inayoirusha pini ikapige praima! Ulaini wote niliousifia dakika tatu zilizopita, sehemu kubwa umekopwa kwenye nguvu ya kupiga. Kuna springi ya pili ambayo inafanya kazi kinyume na unavyodhani: ile ya triga yenyewe, hapa nyuma, inamsaidia kidole, kwa hiyo iliyo ngumu zaidi ndiyo inayofanya mvuto uwe mwepesi. Hiyo sina ugomvi nayo. Konekta pia sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hii ndogo ndefu, springi ya pini.

Mtaniambia kwenye maoni, "Ongeza usafi, safisha njia ya pini." Nimesafisha. Na ndiyo, uchafu na mafuta mengi humo ndani huipunguza pini kasi, hilo ni kweli, msijaze mafuta kwenye njia ya pini. Video ya mafuta ipo, imekwama kwenye uhariri, itatoka. Lakini springi ya kiwandani inapita na uchafu wake wote. Hii inataka kubembelezwa.

Halafu kuna ulimi huu mdogo katikati ya triga. Mnauona? Usipobonyezwa, triga haiendi nyuma. Watu wanadhani ni urembo. Bastola ikianguka na kutua kwa kisogo, mwili wake unasimama ghafla lakini triga ina uzito wake, inataka kuendelea na safari, maana yake inajivuta yenyewe. Ulimi ndio unaoizuia. Wanaofuatilia wanakumbuka mwaka 2017, kampuni ya SIG Sauer walipotangaza maboresho ya hiari ya bastola yao ya P320 baada ya kuonekana kwamba inaweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani. Kati ya walivyobadilisha ilikuwemo triga nyepesi zaidi kwa uzani wake, si kwa mvuto. Kwa hiyo unapochomoa triga ya plastiki na kuweka ya chuma, unagusa hesabu ya mtu aliyekaa na kuipima. Hii ya kwangu ulimi wake unarudi vizuri kila mara, tazama, tak, tak. Kama wako unanata hata kidogo, toa. Usiubebe kiunoni ukitafuta dawa yake.

Na kama ni triga nzuri tu unayoitafuta, mbona usinunue bastola iliyokuja nayo? Walther PPQ ilikuwa nayo tangu 2011. CZ P-10 C nayo ni tamu kutoka boksini. Wapenzi wa Glock mtanitukana, lakini ukijumlisha bei ya bastola na bei ya seti kama hii unakuwa umeshaingia eneo la hao wapinzani, na springi zao hakuna aliyezichezea.

Kinachoniudhi hasa ni hiki. Mtu ana hela ya triga nyekundu, lakini springi ya kurudisha slaidi ni ileile aliyoikuta siku ya kwanza. Springi hiyo ni sehemu ndogo ya bei ya seti hii! Wengi huibadilisha kila risasi elfu tatu hadi tano. Ikichoka, slaidi inagonga nyuma kwa nguvu, maganda yanaruka mbali kuliko kawaida, na siku nyingine slaidi inabaki imefunga nusu.

Kipimo chake ni hiki, bila kifaa. Bastola tupu, nimetazama tena, tupu. Mtutu juu upande salama. Navuta triga, nashikilia nyuma. Navuta slaidi mpaka mwisho, naisindikiza mbele polepole, nisiiachie ghafla. Imefunga yenyewe mpaka mwisho. Springi mpya hiyo. Sasa natia ya zamani, subiri, hii ilitoka kwenye bastola ya mazoezi. Mtutu juu, polepole... mmeona? Imesimama. Imeacha upenyo. Ukiwa na bastola ya namna hii, triga ya ndoto zako haitakusaidia chochote.

Magazini haraka: kukaa imejaa hakuiui springi yake kama watu wanavyoamini. Kinachoichosha ni kujazwa na kumwagwa, kujazwa na kumwagwa. Ziandike namba kwa rangi. Bastola ikikwama mara mbili na magazini ileile, umeshampata mwizi, usianze kufungua bastola nzima. Na ndoano ya kung'oa ganda, pitisha brashi chini yake, masizi hujibanza hapo.

Uamuzi wangu. Kwa mashindano, ambako kugoma kunakugharimu alama tu, seti nzima ibaki, nitaifurahia. Kwa kubeba: triga bapa nimeiacha, konekta nimeiacha, springi ya pini nimerudisha ya kiwandani. Kipimo kimepanda hadi kilo mbili na kidogo, na praima ngumu zote zimelipuka. Kama hujawahi kufungua bastola yako zaidi ya kuisafisha, mpe fundi wa silaha, na angalia sheria ya unakoishi inasemaje kuhusu kubadilisha sehemu za ndani. Kisha piga magazini kadhaa za risasi ileile unayobeba, si ya mazoezi ya bei rahisi, kabla hujairudisha kwenye ala.

Wiki ijayo ni ala zenyewe, na kuna moja imenikera kuliko hata hii. Andikeni chini mnatumia springi gani.