Uzoefu wangu: Tabora hadi Kigoma kwa ndege, na jibu nililompa kaka

Kaka alinipigia simu kutoka Ujiji baada ya swala ya alfajiri. Mama mkubwa, aliyenilea tangu nina miaka minne, amefariki usiku, na wanataka kumzika baada ya adhuhuri. Mimi niko Tabora. Treni ingenifikisha kesho yake, watu wameshatawanyika. Bahati ilikuwa siku ya ndege, na nafasi ilikuwepo.

"Mdogo wangu, hiyo ndege ni muda gani?"

Nikaingia mtandaoni, nikaona kilometa 351 kwa mstari ulionyooka, nusu saa na dakika chache. Nikamwambia, "Nusu saa tu, kaka. Inaruka saa tano." Ni jibu hilo lililonifanya niandike, maana nusura linikoseshe maziko.

Kilometa ni za kweli. Reli, inayozungukia Urambo, Kaliua na Uvinza, ina zaidi ya 400. Tatizo ni ile nusu saa: wamechukua umbali wakaugawa kwa mwendo wa ndege iliyokwisha kutulia angani. Hizi za pangaboi, aina ya Dash 8, zikiwa juu hukaribia kilometa 600 kwa saa au hata kupita, lakini kwa safari fupi hivi muda mwingi unaishia kwenye kupanda na kushuka. Niliangalia saa: tangu magurudumu yaache ardhi ya Tabora hadi yaguse Kigoma, dakika 47. Rubani alikwenda kugeuzia ziwani kabla ya kutua. Siku nyingine ningefurahi sana kuiona Tanganyika vile, na milima ya Kongo ng'ambo.

Na hizo 47 ndizo kidogo. Nilitoka nyumbani saa mbili na nusu. Ndege ilichelewa kufika kutoka Dar es Salaam, na hakuna aliyetuambia neno hadi saa tano na nusu. Hilo liliniuma kuliko kuchelewa kwenyewe, kwa sababu kule Ujiji kuna watu walikuwa wanapanga kuchimba kaburi kwa maneno yangu. Tuliruka saa saba kasoro dakika kumi.

Kilichonisaidia ni kwamba Kigoma iko magharibi sana, adhuhuri huingia karibu saa saba. Nilipompigia kaka, aliwaomba wazee wasogeze hadi alasiri. Wakaridhia.

Ndani ya ndege sina lawama. Mhudumu mmoja alipojua ninakwenda msibani alinihamishia kiti cha karibu na mlango nitoke mapema. Nauli ni mara kadhaa ya treni. Ningeilipa tena hata leo. Wenye asali, iwekeni kwenye mzigo wa chini: jamaa aliyekuwa mbele yangu alizuiwa na dumu lake kwenye ukaguzi.

Mkiulizwa na wanaowasubiri, msiwape muda wa angani. Wahesabieni mlango kwa mlango, na mwongeze saa mbili za subira. Mimi, pamoja na bajaji ya kutoka uwanjani, nilifika saa nane na dakika kumi: saa tano na dakika 40 tangu nifunge mlango wangu Tabora.

Nilimkuta bado yuko ndani. Nilipata kumuaga, na jeneza nikalibeba.