DataBank ya Benki ya Dunia: kulinganisha miaka ya elimu ya juu ya Kenya na Tanzania

Nimeitumia DataBank, huduma ya takwimu ya Benki ya Dunia iliyoko mtandaoni, kwa kazi moja tu: kulinganisha miaka ya elimu ya juu ambayo mtoto wa Kenya na mtoto wa Tanzania anatarajiwa kuipata maishani mwake. Huduma ni ya bure, na takwimu zake za elimu hutoka kwa Taasisi ya Takwimu ya UNESCO, yenye makao yake Montreal, Kanada.

Matumizi yenyewe hayana ugumu. Mtu huchagua nchi, kisha kipimo, kisha miaka, na jedwali linalopatikana huweza kupakuliwa na kufunguliwa kwa Excel. Kiswahili hakimo kati ya lugha za huduma hii, ingawa Kiarabu na Kichina vimo. Mahali pasipo na takwimu huwekwa nukta mbili, na nukta hizo zipo katika safu za nchi zote mbili. Mimi naziona kuwa ni uungwana, kwani ni heri pengo linaloonekana kuliko namba ya kubuni, mradi msomaji asizidhanie kuwa ni sifuri.

Kazi kubwa imo katika kukielewa kipimo. Idadi ya wanafunzi wa elimu ya juu hulinganishwa na idadi ya vijana wa rika la miaka mitano inayofuata baada ya sekondari, na uwiano huo ukizidishwa kwa 5 hupatikana, kwa makadirio ya karibu, miaka inayotarajiwa. Nchi yenye uwiano wa asilimia 10 hupata nusu mwaka. Nusu mwaka huo haumaanishi kwamba wanafunzi hukaa chuoni miezi sita. Ni wastani wa watoto wote, pamoja na wale walio wengi ambao hawatafika chuoni kabisa.

Katika jedwali hili Kenya huwa juu ya Tanzania, na hapo ndipo mtumiaji mwenye haraka anapoweza kupotoka. Katika mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu), ulioanza mwaka 1985, Mkenya hutoka kidato cha nne na kuingia moja kwa moja katika shahada ya miaka minne. Mtanzania hupitia kwanza kidato cha tano na cha sita, miaka miwili inayohesabiwa kuwa ni sekondari, kisha husoma shahada ambayo kwa fani nyingi ni ya miaka mitatu. Tuseme vijana 10 kati ya kila 100 wanamaliza shahada katika kila nchi: Kenya itaandikiwa miaka 0.4 na Tanzania 0.3, ilhali idadi ya wahitimu ni ileile. Sisemi kwamba tofauti yote inatokana na hilo, kwa kuwa Kenya imekuwa na nafasi nyingi zaidi za vyuo, zikiwemo zile za wanafunzi wanaojilipia wenyewe katika vyuo vikuu vya umma. Lakini sehemu yake ni ya ratiba tu, na jedwali halimwambii msomaji ni sehemu gani.

Mkanganyiko huu utaongezeka. Mtaala mpya wa Kenya, ule wa 2-6-3-3-3, unatenga miaka mitatu kwa elimu ya chuo kikuu, na kundi lake la kwanza linatazamiwa kufika huko mwaka 2029. Shahada zikifupishwa kweli, namba ya Kenya inaweza kushuka bila hata kijana mmoja kukosa nafasi, na naweza kukisia vichwa vya habari vitakavyofuata.

Yapo pia mambo mawili madogo. Mwanafunzi huhesabiwa katika nchi anakosomea, kwa hiyo Mkenya aliyeko chuoni Uganda huongeza namba ya Uganda. Tena, elimu ya juu ya UNESCO ni pana kuliko chuo kikuu: baadhi ya kozi za stashahada zimo ndani yake, wakati wengi wetu tukisema elimu ya juu huwa tunawaza shahada.

Ningempendekezea huduma hii mwanafunzi wa uzamili au mwandishi wa habari, kwa sharti kwamba afungue maelezo ya kipimo kabla ya kunakili namba, kwa kuwa yamewekwa kando na jedwali na ni rahisi kuyapita. Anayetaka kujua nchi ipi inatoa wasomi wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya vijana wake atafute kipimo cha uwiano wa wahitimu wa shahada ya kwanza, ambacho huhesabu watu badala ya miaka. Nimeipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu muda wa masomo wa kila nchi ulistahili kuonekana kwenye jedwali lilelile, kando ya namba.