WD-40 na snea ya Ludwig iliyojamu kutu, uzoefu wangu

Naandika hii juu najua kuna mtu sa hii ameshika plaizi na anataka kufanya ule ujinga nilioufanya mimi. Weka chini kwanza.

Nilipata snea, ile ngoma ndogo ya drum set, Ludwig Acrolite ya zamani, inchi 14 kwa 5, kutoka kwa mzee mmoja hapa Mombasa aliyekuwa akipiga kwenye bendi za hoteli. Ilikaa stoo miaka na miaka karibu na bahari, na hewa ya chumvi mnaijua. Mwili wenyewe ni alumini kwa hivyo haukuwa na neno, tatizo lilikuwa kwenye vyuma. Acrolite ina lagi 8, vile vishikio vya ubavuni mwa ngoma, na kila lagi inashika bolti mbili, moja ya juu na moja ya chini, kwa hivyo jumla bolti 16. Siku ya kwanza 11 zilitoka kwa ufunguo wa kawaida wa ngoma, zingine zikilia kama mlango wa kaburi lakini zikatoka. Tano zikakataa katakata.

Nikanunua spreyi moja ya bei rahisi, jina sitaji, inanuka mafuta ya taa na nadhani ndiyo yenyewe. Nikapuliza, nikangoja dakika kumi, nikachukua plaizi kubwa nikashika kile kichwa cha mraba na kuvuta kwa nguvu zote. Ka! Nikafurahi nikidhani imeachia, kumbe ni lagi imepasuka. Zile lagi si chuma jamani, ni zinki ya kumiminwa, ukiipa nguvu haipindi, inakatika tu kama biskuti. Nilikaa kimya hapo kwa muda, hata chai ilipoa.

Ndo nikaenda kwa fundi wa pikipiki wa mtaani, akaitazama akacheka, akaniambia "Ndugu yangu, kutu haitaki hasira, kaza kwanza kidogo ndo ufungue." Akanionyesha kopo lake la WD-40 na mimi nikanunua langu hadwea. Bei inauma kidogo, sikatai. Na mjue kitu kimoja, WD-40 ilitengenezwa Marekani 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye vyuma, hiyo 40 ni jaribio la arobaini, kwa hivyo hii ya kawaida kuachanisha bolti si kazi yake ya kwanza. Wenyewe wana nyingine ya Specialist ya kazi hiyo, mi nilitumia hii ya kawaida na sijutii.

Nilivyofanya, kila asubuhi na jioni napuliza kidogo tu kwa ule mrija mwekundu pale bolti inapoingia kwenye lagi, kisha nagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, tik tik tik, si kwa kuumiza, ni kuitingisha kutu ili mafuta yapate njia. Halafu ufunguo, nakaza nywele moja, nafungua nywele moja, nakaza, nafungua. Siku ya tatu mbili zikaachia, na yakatoka maji ya kahawia kama ya ukwaju.

Ukitoa ile ya lagi iliyopasuka, zikabaki mbili, zote za juu. Hapa ndo nikagundua ukipuliza kwa nje tu mafuta hayafiki vizuri, kwa sababu nati iko ndani ya lagi, imeshikwa na kispringi. Na lagi huwezi kuitoa bila kutoa ngozi, na ngozi haitoki bila kufungua bolti. Nikaona ah, ngozi yenyewe imeshakufa, nikaikata kwa wembe! Mkono ukaingia ndani, nikafungua skrubu za lagi kwa bisibisi na lagi zikatoka na bolti zake, zinaning'inia kwenye pete inayobana ngozi kama samaki kwenye kamba. Sasa nikapuliza kwa nyuma, moja kwa moja kwenye nati, nikaacha usiku kucha.

Asubuhi nikafuta mafuta yote vizuri nikazitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyochemka. Nati ni shaba nyeupe-njano ile, brasi, na bolti ni chuma, na brasi ikipata moto inatanuka kuliko chuma, kwa hivyo nati inalegeza mkono yenyewe. Dakika tano, nikashika kwa kitambaa, ufunguo, zikazunguka zote mbili. Moto wa kiberiti au jiko la gesi msijaribu, hiyo spreyi inawaka. Sufuria nayo ilinipa kesi nyumbani lakini hiyo ni stori nyingine.

Kutu ya kwenye pete nilisugua kwa foili ya jikoni na maji, krom ikarudi kung'aa isipokuwa pale ilipobanduka. Nyuzi za bolti nilisugua kwa mswaki mkavu halafu nikapaka grisi kidogo. WD-40 yenyewe msiiache hapo mkadhani ni grisi, inakauka.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeipa ile sufuria. Lagi iliyopasuka bado natafuta nyingine ya zamani inayofanana, sa hii snea inapigwa na bolti saba juu na Jumapili hakuna aliyegundua.