Miaka 3 na bima ya afya nikiwa na kisukari: kitanda wanalipa, stripu wananibania

Nina kisukari aina ya 1. Kongosho yangu haitengenezi insulini na haitaanza leo wala kesho, kwa hiyo kila siku najichoma sindano 4 na kupima sukari mara 6. Nilipokuwa natafuta bima nilisoma sifa nyingi za watu wanaokwenda hospitali mara moja kwa mwaka. Sikupata neno la mtu anayeitumia kadi kila mwezi. Ndiyo maana naandika.

Haki yao niwape. Nilipolazwa siku 4, kadi ilipita mapokezi bila swali. Dripu, vipimo vya damu usiku na mchana, dawa, vyote walilipa, na nilipotoka sikudaiwa kitu. Nawashukuru kwa dhati.

Tatizo ni kilichonifikisha pale. Boksi la stripu za kupimia sukari lina stripu 50, na mpango wangu unatoa boksi 1 kwa mwezi. Kwa vipimo 6 kwa siku, siku ya 9 limekwisha. Nilipiga simu kuuliza hiyo 50 wameitoa wapi, nikajibiwa ndicho kiwango cha wagonjwa wa kisukari. Wote? Hata mimi ninayejichoma, sawa na anayemeza kidonge asubuhi? "Ndiyo dada, mfumo haututenganishii." Nikawa nanunua za ziada mwenyewe. Mwezi mmoja hela haikutosha, nikajibana, nikapima mara 2 tu kwa siku. Mwezi huohuo nikapata homa. Homa hupandisha sukari, nalijua hilo, lakini kutapika kulipoanza nikadhani ni homa yenyewe. Nilipokuja kupima, mashine ilisoma 27, sukari ya juu mno, na mkojo ulikuwa umejaa ketoni, tindikali ambazo mwili hutoa ukikosa insulini. Gharama ya siku zile 4 wodini ingeninunulia stripu za muda mrefu sana.

Mwaka wa pili wakabadilisha orodha ya dawa. Nilikuwa natumia insulini ya muda mrefu, ile angavu kama maji, inayofanya kazi kwa utulivu karibu saa 24. Dirishani mfamasia akanisukumia kichupa cha ile ya mawingu, inayoviringishwa viganjani kabla ya kuvutwa kwenye sindano. "Dada, hii ndiyo wanayolipia sasa." Si dawa mbaya, wapo wengi wanaoishi nayo vizuri. Ila hupanda kilele saa kadhaa baada ya kuchomwa, na mtu huhitaji kupangiwa upya kipimo cha dawa na saa ya kuchoma. Daktari wangu hakuambiwa lolote. Nikachoma yuniti zilezile, saa ileile, saa tatu usiku. Saa nane nikaamka nimeloa jasho, midomo imekufa ganzi, sukari imeshuka mno hadi 2.6. Nilikunywa maji ya sukari huku glasi ikigongana na meno yangu.

Daktari aliwaandikia watu wa bima rufaa ya kupinga. Wiki 7 baadaye dawa yangu ikarudi, lakini kwa kibali cha siku 90. Kikiisha, naanza upya: miadi, foleni, fomu yenye swali lilelile, kama mgonjwa bado anahitaji dawa hii. Insulini ilianza kutibu watu mwaka 1922. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa wangu alikuwa hana muda mrefu wa kuishi. Hakuna kinachobadilika ndani ya siku 90, na daktari anaacha wagonjwa wakimngoja ili aandike sentensi aliyokwisha kuiandika mara 4.

Ukiwa na ugonjwa wa kudumu, usitosheke na maneno "magonjwa sugu yanagharamiwa" kwenye kipeperushi. Mimi nilitosheka. Uliza idadi ya vifaa kwa mwezi. Uliza kama dawa zinakatwa kwenye kikomo kimoja cha malipo na kumwona daktari, maana changu kilikuwa kimoja na mwaka wa kwanza wa kutibiwa kiliisha mapema mno. Uliza pia nani anakujulisha dawa yako ikiondolewa kwenye orodha, na majibu yote uyapate kwa maandishi.

Nawapa nyota 2 kati ya 5, zote kwa ajili ya zile siku 4. Watu wananiuliza kwa nini sihami. Nilipojiunga nilisubiri miezi 12 kabla kisukari hakijaanza kulipiwa, huku nikitoa michango kamili. Kampuni nilizoulizia zote zinaanza kuhesabu upya, na mimi siwezi kukaa hata wiki moja bila insulini. Kibali cha sasa kinaisha Alhamisi ijayo. Barua ya daktari nimekwisha kuipeleka, na kwenye jokofu zimebaki kalamu 2 za insulini.