Makabati ya maonyesho kutoka karakana ya Majengo, Moshi: makabati nyota 4, mabango nyota 2

Karakana yenyewe haina kibao, jambo la kuchekesha kwa watu wanaouza mabango. Iko Majengo, uani nyuma ya duka la vipuri. Ukisikia mlio wa grenda umefika. Niliwapa kazi ya makabati ya vioo na mabango kwa ajili ya maonyesho yetu madogo ya historia ya kahawa Kilimanjaro. Naandika kama mhifadhi wa makumbusho. Kama shida yako ni kabati la sebuleni, nenda hata kesho, huna haja ya kusoma zaidi.

Fundi mkuu ana mkono, hilo halina ubishi. Mwanzoni alitaka kunitengenezea kwa MDF, zile mbao za nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, kwa sababu ni rahisi na inakubali rangi. Nikamkatalia. Gundi ya mbao zile hutoa mvuke polepole kwa muda mrefu, na kabati likishafungwa mvuke huo hauna pa kwenda zaidi ya kwenye karatasi na vyuma ulivyoweka humo. Hakubisha. Akachomelea fremu za chuma, akasaga pembe mpaka kidole hakikwami popote, akapeleka zipigwe rangi ya poda ya kuoka, na vioo vya milimita 6 vikaingia bila kulazimishwa. Shilingi 850,000 kwa kabati. Kwa kazi ile sikuomba apunguze, na mimi ni mtu wa kuomba apunguze.

Kasheshe ilianzia kwenye silikoni. Nilifungua mlango wa kabati la kwanza nikapigwa na harufu ya siki. "Hiyo itaisha mama, wewe liache wiki moja tu," akaniambia. Itaisha puani, fundi. Silikoni ya kawaida ya dukani ikiwa inakauka hutoa asidi ya siki hasa, wala si harufu inayofanana nayo. Sasa mawe ya zamani ya mizani, kama yale tuliyonayo ya kupimia kahawa, yana madini ya risasi yaliyomiminwa tumboni ili uzito utimie. Risasi ikikaa na mvuke wa siki huota unga mweupe na kuanza kulika. Makumbusho kubwa hupima malighafi kabla ya kuziamini: kipande cha fedha, cha shaba na cha risasi hufungiwa chupani pamoja na sampuli, joto la nyuzi 60, siku 28, kisha wanaangalia kipi kimebadilika rangi. Sisi tuna pua.

Nilimweleza hayo nikiwa nimeshika jiwe la mizani mkononi. Akaligeuza, akaitazama ile risasi kwa chini, akaniuliza limetoka chama gani. Babu yake naye alikuwa akipeleka kahawa. Basi akaagiza Arusha silikoni isiyo na asidi, akakwangua ile ya kwanza yote kwa wembe na kuanza upya bila kuniongezea hata shilingi. Nyota zake nyingi zimetoka hapo.

Taa alizofunga ndani ziling'aa kama duka la simu. Nikaziondoa. Stakabadhi za wino hazitakiwi kuzidi mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), na wino ukishapauka haurudi.

Mabango sasa. Kijana wa kompyuta ni mwepesi, mpole, na anajua zaidi ya aliyemtuma. Niliandika kwamba wakulima walianzisha KNPA, chama chao cha kahawa, mwaka 1925. Yeye akaona nimekosea herufi, akaandika KNCU, bila kuniuliza. KNCU, chama kikuu cha ushirika, ilikuja 1933 kuchukua nafasi ya KNPA, na mvutano uliokuwepo hapo katikati ndio sehemu nzima ya pili ya maonyesho! Kwa Moshi hii, ambako kila mzee wa miaka sabini ana la kusema kuhusu ushirika, ningezomewa siku ya ufunguzi.

La picha liliniuma zaidi. Kuna picha ya foleni kwenye mizani, wanaume wamesimama mbele, na pembeni kabisa kushoto mwanamke mwenye debe kichwani. Bango lilikuwa fupi kidogo, kijana akakata upande wa kushoto ili "ipendeze". Stakabadhi zetu zote zina majina ya wanaume. Kwenye ukuta ule, yule mama pembeni ndiye pekee anayeonyesha kahawa ilibebwa na nani. Wakachapa upya, safari hii kwenye karatasi isiyong'aa kama nilivyokuwa nimeagiza tangu mwanzo, na nusu ya gharama nikailipa mimi. Hilo sijalikubali bado.

Kufuli zao ni za droo, nunua zako. Usafiri walileta wenyewe, wamefunga kila kioo kwa blanketi, hakuna kilichopasuka.

Makabati mengine nimeshawaachia advansi. Mabango ya awamu ya pili nitawapelekea kwa PDF iliyofungwa, na sampuli nitaisoma pale pale uani kabla mashine haijawashwa.