Tathmini ya Kitalu cha Miche Mjini Lubumbashi Mwishoni mwa Kiangazi

Agosti inapokaribia kwisha, baridi ya usiku inayotubana Lubumbashi mwezi Juni na Julai hulegea, na wenye bustani za nyumbani huanza kutafuta miche. Kitalu ninachokitathmini kiko kando ya barabara iendayo Likasi; hakina kibao, ila viriba vyake vyeusi, vile vifuko vya kuoteshea miche, vilivyopangwa chini ya kichanja cha nyasi huonekana tangu mbali.

Sifa yake kubwa ni kwamba mzee mwenye kitalu, tunayemwita papa, hauzi kwa pupa. Mteja akitaka mchungwa, kwanza huulizwa hali ya miti aliyo nayo nyumbani: je, mwembe umekwisha kutoa maua, na mlimau umeanza kuvaa majani mapya? Maswali hayo si porojo. Mwembe huchanua ardhi ikiwa bado kavu, na miti ya miombo huchipua majani mekundu kabla mvua haijaanguka, kwa kuwa mizizi yake mirefu hufikia unyevu ulio chini. Mche wa kiriba hauna mizizi ya namna hiyo. Anayeupanda Septemba kwa kushawishiwa na mijakaranda iliyochanua barabarani atalazimika kuumwagilia katika joto lote la Oktoba, hadi mvua zitakaposhika kunyesha mfululizo mwezi Novemba, na mabomba ya mitaa yetu yanajulikana tabia yake. Ndiyo maana yeye hushauri kuchagua mche mapema, kuutunza kivulini ungali katika kiriba, na kuupanda mvua zikishashika.

Miche ya michungwa iliyobebeshwa, yaani tawi la mchungwa limeunganishwa juu ya shina la mti mwingine, ndiyo bora kuliko yote hapo. Nilionyeshwa mmoja uliokuwa na machipukizi mawili: moja fupi, juu ya kiungo kilichofungwa utepe wa plastiki, na jingine refu, lenye kung'aa na miiba mikali, chini yake. Macho ya mgeni yangelipenda lile refu, kumbe ni la shina la kienyeji lililobeba, na likiachwa litanyang'anya chakula cha tawi linalotakiwa. Papa alilikwanyua kwa kidole gumba, kisha akageuza majani machanga ya lile fupi na kuonyesha vidukari weusi waliokwisha kuwahi utomvu mpya. Dawa yake ni maji ya sabuni, ambayo hakujaribu kuniuzia.

Miche ya mboga siipendekezi. Nyanya na biringani hukaa mno katika viriba vidogo, mizizi ikajizungusha kama kamba ndani ya ndoo, na hata zikihamishwa hudumaa. Maparachichi nayo hayaandikwi aina, hivyo mnunuzi huondoka na neno la muuzaji tu. Usafirishaji hawana, miche miwili mitatu hubebeka kwa pikipiki, lakini anayetaka zaidi aje na gari lake, asubuhi, kabla jua halijapanda.